Kipaji chako sio lazima kiimbe: namna ya kuanza kuwatumikia watu, kwa wapendwa wa Mbeya, Iringa na Njombe

Bwana Yesu asifiwe. Hii naiandika kwa wale ambao wakisikia mahubiri ya karama wanasema amina ya nguvu, alafu wakifika nyumbani wanajiuliza karama yenyewe ipi, maana kuimba hawajui na wakishika maiki mdomo unakauka. Na makanisa yetu huku Nyanda za Juu Kusini yamechangia, tuseme tu ukweli. Ukienda kwa kiongozi ukasema nataka kutumika, swali la kwanza ni unaimba sauti ya ngapi, ukisema huimbi unaonyeshwa ufagio. Kufagia kanisa ni kazi njema, sipingi, ila kama we ni fundi bomba au unajua hesabu au una mkono wa kushona, hapo mtaani kwako kuna mtu anahangaika wiki nzima na kitu ambacho ungekimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo huu mwongozo unaanzia upande wa pili. Hatuchukui kipaji tukakitafutia jukwaa, tunamtafuta kwanza mtu mwenye shida alafu ndo tunaangalia mkono gani unamfaa. Ukianza na kipaji utaishia kutafuta watu wa kukutazama, hiyo nimeiona sana.

Na usidhani hii ni habari mpya. Fungua Kutoka 31 umsome Bezaleli, Mungu anasema amemjaza Roho wake, na kazi aliyojaziwa ni kufanya kazi ya dhahabu na fedha na shaba, kukata vito na kuchonga miti. Hakuna mahali amehubiri. Na nyie Wamoraviani, mlivyo wengi Mbeya na Rungwe, wamisionari wenu wa kwanza kabisa mwaka 1732 walikuwa Leonhard Dober aliyekuwa mfinyanzi na David Nitschmann seremala, walitoka Herrnhut kule Ujerumani wakaenda kisiwa cha St. Thomas kwenye bahari ya Karibi, na Nitschmann alikuwa anapiga useremala hukohuko ndo wanapata kula. Rungwe mmefikiwa 1891, yaani injili ilishatembea na randa na msumeno zaidi ya miaka 150 kabla haijapanda milima ya huku.

Haya twende.

Hatua ya 1: Kumbuka msiba wa mwisho ulikuwa unafanya nini

Watu wengi wakiambiwa waandike vipaji vyao wanaandika vitu vya kwenye usaili wa kazi, sijui uongozi, sijui ubunifu. Acha hizo. Kaa chini ukumbuke msiba wa mwisho wa mtaani ulikuwa umeshika nini bila kuombwa. Msibani hakuna muda wa kuigiza, kila mtu anaangukia kwenye kitu anachokiweza. Kuna mama akifika tu anaangalia idadi ya watu na sufuria zilizopo anasema mchele huu hautoshi ongezeni ugali, na kweli hautoshi. Kuna kijana anachukua daftari la rambirambi na mpaka jioni hesabu yake haipishani hata shilingi mia. Kuna mzee anawapokea ndugu wa mbali waliokuja na hasira zao kuhusu nani aliambiwa na nani hakuambiwa, anakaa nao pembeni kwenye mkeka, baada ya nusu saa wanatoka wanapiga chafya za ugoro na yameisha. Kuna anayejua maturubai yanafungwaje upepo wa Uyole usiyabebe. Kuna anayekaa na mfiwa tu, haongei, na mfiwa hataki aondoke.

Hivyo vyote ni vipaji, na kwenye Warumi 12 Paulo ametaja kutoa, kusimamia na kurehemu kwenye orodha moja na kufundisha.

Alafu andika na vitu ambavyo watu wanakuja kukuomba hata hujajitangaza. Nani anagonga mlango wako na kwa ajili ya nini? Kama ni simu zao zimekataa, andika. Kama ni barua ya kwenda kwa mtendaji, andika. Kama watoto wa jirani wakiwa na homweki wanakimbilia kwako na sio kwa baba yao, andika. Ukishindwa kabisa waulize watu watatu wanaokujua, mmoja asiwe ndugu yako na mmoja awe mtu mliyewahi kukosana, huyo wa mwisho anakuwaga mkweli sana.

Usiandike zaidi ya vitano. Ukiona vimefika kumi na mbili ujue umeanza kujisifia.

Hatua ya 2: Mtafute mtu, na umjue jina

Hapa ndo kwenye kazi kubwa, na ndo watu wanaparuka. Ukisimama kwenye matangazo ukauliza nani ana shida ainue mkono utapata wale wasio na aibu, wenye shida yenyewe watakaa kimya wakiimba pambio. Watu wa huku hawasemi. Ukimuuliza mama wa Kilolo habari za nyumbani atakwambia tunamshukuru Mungu, na huku bati limetoboka juu ya kitanda cha watoto.

Kwa hiyo uliza wanaojua. Mwenye genge anajua, maana ndo anayekopwa chumvi na mafuta ya kupima, anajua nyumba gani imeanza kukopa mwezi huu ambayo zamani ilikuwa inalipa. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua nani anakuja bila sweta mwezi wa saba. Muuguzi wa zahanati anajua nani ameacha kuja kuchukua dawa, ila huyo usimlazimishe atoe siri za wagonjwa, mwambie tu wewe unaweza nini, kama kuna mtu atamwambia mwenyewe akutafute. Mjumbe wa mtaa na kiongozi wa jumuiya nao wanajua, japo wakati mwingine wataanza kukutajia ndugu zao.

Ukishapata jina nenda nyumbani kwa mtu, na usiende na haraka. Kama ni Iringa vijijini toa kamwene yako, ile salamu ya Kihehe, vizuri, ulizia watu wa nyumbani mmojammoja, ulizia mahindi, ulizia ng'ombe, kaa. Swali la "una shida gani" liache kabisa, litakuletea jibu la pesa au jibu la kumshukuru Mungu. Uliza hivi, "mama, wiki iliyopita ni kazi gani ilikulemea zaidi?" Utashangaa. Bibi ambaye ulidhani anataka mchele atakwambia kinachomsumbua ni kuchota maji maana goti halipandi mlima, au kwamba mwanae anamtumia hela kwa simu na hajui kama imeingia, mpaka amuombe kijana wa dukani na kila akimuomba hela inapungua.

Hatua ya 3: Unganisha, na uanze na kidogo ambacho utakimaliza

Sasa chukua ile orodha ya kwanza na yale majina uweke pembeni ya mwenzake. Nitachukua mfano wa kushona niuchambue mpaka mwisho, maana una mambo mengi, mingine nitaigusa tu.

Tuseme unajua cherehani. Usianze na wazo la kushona sare mpya za yatima 50, hiyo inahitaji mfadhili na mfadhili atakuchelewesha mwaka. Anza na kukarabati. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo mwezi wa 12 tangaza siku moja ya viraka kwenye baraza la kanisa, cherehani mbili za kukanyaga zinatosha. Weka kikomo, labda nguo 20 kwa siku, ukizidisha utafanya kwa hasira na mshono utaonyesha.

Kaptula ya mtoto wa kiume inaisha makalioni kwa sababu ya kuteleza kwenye vilima, sketi inaisha kwenye zipu, sweta linaisha viwiko na kwapani. Kwa hiyo usinunue vitu ovyoovyo, unahitaji zipu, vifungo vyeupe, uzi wa rangi za sare za shule za jirani na vipande vya kitambaa. Vipande usinunue. Nenda kwa mafundi wa sare pale Mwanjelwa au sokoni kwenu wakati wa msimu wanakata nguo nyingi, wana viroba vya vitambaa vilivyobaki ambavyo wanatupa au wanafutia mashine, waombe, wengi wanatoa bila shida na mwingine atakuja mwenyewe siku hiyo.

Sema mapema nguo ziletwe zimefuliwa. Hii sio dharau, ni kwamba kitambaa kibichi au chenye tope kinavuta sindano na mshono unakunjamana. Kila nguo bandika kikaratasi kwa pini, jina la mtoto, shule, na kinachotakiwa, maana zikishachanganyika sketi saba za bluu za shule moja utalia. Kiraka cha kaptula kiwekwe kwa ndani, kikubwa kuliko tundu pande zote, pitisha mshono wa kwenda na kurudi juu ya sehemu iliyolegea, kikiwekwa kwa nje mtoto atataniwa na hatavaa. Sweta usipitishe mashine, itavuta na kuacha mawimbi, tumia sindano ya mkono na uzi wa sweta wa rangi ileile, na hapo ndo wale bibi waliosema hawana kipaji wanapata kiti, maana kufuma wanajua kuliko fundi yeyote wa mjini. Pindo la sketi linalofunguliwa ili mtoto aliyerefuka aendelee kuvaa litabaki na mstari wa zamani hata upige pasi vipi, mwambie mzazi kabla, asije akadhani umeharibu.

Watu wa Makete, Njombe na Mafinga mnaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, huko sweta lenye viwiko vizima ni afya ya mtoto. Ndo maana ile habari ya Dorkasi kwenye Matendo 9 huwa inanigusa, Petro alipofika Yafa wajane walisimama wanalia wanamwonyesha nguo alizowashonea. Zile nguo zenyewe ndo zilikuwa ushuhuda wake.

Mifano mingine kwa haraka:

Unajua kompyuta? Kila mwaka vijana wanaomaliza kidato cha sita wanahangaika na maombi ya mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, na wengi wanakwama kwenye kuhakiki cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa usajili, kitu ambacho kingefanyika mapema kabla dirisha halijafunguliwa. Jumamosi mbili za kukaa nao na laptop moja na bando zinaokoa mtoto wa mkulima wa Chunya asitapeliwe na watu wa stesheneri. Ila neno la siri aandike na kulitunza yeye mwenyewe, sio wewe.

Unajua kupika? Pale Hospitali ya Rufaa Mbeya, na Meta kwa akina mama, kuna wagonjwa wanaotoka mbali kabisa, Rukwa huko, Katavi, na hawana ndugu mjini. Uji wa moto na mtu wa kufua nguo za mtoto mchanga ni kitu kikubwa sana. Lakini kabla hujapeleka chakula ongea na muuguzi wa wodi, kuna ambao wamezuiwa kula, wanasubiri upasuaji, na kuna wenye masharti ya chumvi na sukari.

Unajua kubebesha miche? Huku Rungwe na Njombe kila mtu anataka parachichi za Hass, na mche uliobebeshwa unanunuliwa kwa hela. Mfundishe mjane mmoja na watoto wake kubebesha kikonyo cha Hass kwenye shina la mche wa kienyeji aliouotesha mwenyewe kwa kokwa, umkalie mpaka ishike, hiyo inazidi kumpa miche kumi ya bure ambayo atashindwa kuitunza.

Una nguvu tu na huna fani? Wale wanne wa Marko 2 waliombeba mwenye kupooza hatuambiwi walikuwa na karama gani, walikuwa na mabega na hawakuogopa kutoboa paa la mtu. Na kama umri wako ni 18 mpaka 65 na uzito unafika kilo 50, pale Mbeya kuna kituo cha kanda cha Damu Salama, nenda na kikundi chako cha vijana mkatoe damu.

Hatua ya 4: Mwambie kiongozi, lakini mpelekee kitu kidogo

Usianze bila kumwambia mchungaji au katekista wala usiende kwake na mpango wa kurasa kumi. Hawa watu wana vikao kila siku. Ukimpelekea kitu kikubwa atakuundia kamati, na ukishapata kamati utapata mwenyekiti, katibu, mweka hazina na vikao vya kupitia muhtasari wa kikao kilichopita, hakuna kaptula itakayoshonwa. Mpelekee sentensi moja: "Mchungaji, tarehe fulani mimi na fulani tunataka kushona viraka barazani kuanzia saa tatu, tunaomba baraza na meza mbili." Atasema sawa. Kwa Wakatoliki njia nyepesi ni kupitia jumuiya ndogondogo, huko mnajuana nyumba kwa nyumba na hata WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wapo. KKKT na Moravian pitia mzee wa kanisa wa mtaa wako. Kwenye makanisa ya kipentekoste mara nyingi unaenda kwa mchungaji moja kwa moja, na uwe tayari kuombewa hapohapo.

Akikataa usigombane wala usihame kanisa. Fanya nyumbani kwako kama jirani, hakuna anayeweza kukukataza kumshonea jirani.

Hatua ya 5: Angalia kalenda ya huku, sio ya Dar

Hii fupi ila imeua huduma nyingi. Mvua zikianza Novemba watu wako shambani, usiite semina ya siku tatu wiki ya kupanda mahindi alafu ulalamike watu hawampendi Mungu. Kyela wakati wa kuvuna mpunga na Mbozi wakati wa kuchuma kahawa ni hivyohivyo. Njia za Busokelo na Ileje kipindi cha masika bodaboda yenyewe inasukumwa. Na kama umepanga Jumamosi kumbuka majirani Wasabato wako ibadani, wawekee hata saa moja Jumapili mchana.

Hatua ya 6: Hela, na ile tabia ya "we si ni wa kwetu"

Nitasema wazi hapa. Makanisa mengi tunawanyonya mafundi wetu. Mpiga kinanda anakuja mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, anatumikia ibada mbili, nauli hatumpi wala maji, siku akiumwa tunamuuliza moyo wa utumishi umeenda wapi. Mpiga picha anapiga harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa bure kwa sababu ni "mpendwa", wakati keki na ukumbi vimelipwa. Hiyo sio huduma, ni kutolipa deni. Mwenye uwezo wa kulipa alipe, kipaji chako cha bure kitunze kwa asiye nacho.

Kwa hiyo jiwekee mpaka kabla hujaanza na uuseme kwa mdomo. Mfano kinyozi: Jumatatu asubuhi nanyoa wazee na watoto wa mazingira magumu bure, siku nyingine zote bei ni ya ukutani hata ukiwa askofu. Watu watanung'unika wiki mbili, baadae watazoea. Mtaji wa biashara usiuguse, ukila mtaji kwa ajili ya huduma mwezi wa tatu huna biashara wala huduma, na watoto wako ndo wataanza kukopa chumvi kwa yule mwenye genge.

Vifaa vitatoka wapi? Ule mnada wa baada ya ibada mnaufanya kila Jumapili, mtu analeta mkungu wa ndizi, kuku, debe la viazi. Omba mnada wa Jumapili moja uende kwenye zipu na uzi. Vikundi vya VICOBA navyo vingi vina mfuko wa jamii, uliza. Hela ikipatikana ishikwe na watu wawili, iandikwe kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua, na isikae kwenye laini yako binafsi ikachanganyika na hela ya luku. Paulo mwenyewe aliposimamia mchango wa Yerusalemu alikataa kuubeba peke yake, soma 2 Wakorintho 8 mstari wa 20 na 21, na huyo alikuwa mtume.

Hatua ya 7: Heshima ya unayemhudumia

Picha usipige. Najua kikundi cha wasapu kinataka kuona, najua mfadhili anataka kuona, piga picha ya cherehani. Mtoto wa darasa la nne akionekana kwenye simu za mtaa mzima anapokea kaptula yenye kiraka, kesho haji shuleni.

Ukikaribishwa chakula kula. Mama amekaanga mayai mawili aliyokuwa nayo, usiseme asante nimeshiba eti unamhurumia, hapo umemnyima nafasi ya kuwa mwenyeji. Kula, sifia, sema ndaga fijo, yaani asante sana, kama uko kwa Wanyakyusa, uondoke.

Na umuulize yeye anaweza nini. Hiki ndo kitu ambacho wahudumu wengi hatukifanyi. Pale Iringa mjini kuna Neema Crafts, ilianza 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, ikaanza na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndio, tembo. Ikakua ikawa karakana za watu wenye ulemavu wa aina nyingi, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, ukienda unaagiza kwa kuandika au kuonyesha ishara, na ghafla asiyejua lugha ya pale ni wewe. Kama una nafasi pita unywe chai uangalie wanavyofanya kazi. Kwa hiyo yule bibi uliyeenda kumchotea maji muulize, inawezekana anajua kusuka mikeka, anajua mbegu za maharage za zamani, au ana subira ya kukaa na mtoto msumbufu wakati mama yake yuko sokoni.

Hatua ya 8: Mambo ambayo moyo mzuri peke yake hautoshi

Watoto: usikae na mtoto wa mtu peke yako chumbani hata kama ni tuisheni ya bure, mlango wazi, watu wazima wawili, mzazi anajua saa ya kuanza na ya kumaliza. Asiyetaka utaratibu huu asipewe watoto, hata akiwa mwimbaji bora wa dayosisi nzima.

Nyumba ya mjane au mama anayeishi peke yake: kama we ni mwanaume nenda na mwenzako, na mchana.

Simu za wazee: mfundishe kusoma meseji na kuangalia salio, namba ya siri geuka pembeni wakati anaibonyeza. Akikuomba umshikie namba yake ya siri kataa kwa upole, siku hela ikipotea utakuwa wa kwanza kutajwa.

Umeme: kama huna leseni ya EWURA usiguse waya za kanisa wala za nyumba ya mtu, badilisha balbu basi. Na wauguzi, pimeni presha, toeni elimu, mpelekeni mtu zahanati, ila kuchoma sindano sebuleni kwa mtu hapana.

Siri za watu: ukishaingia nyumba za watu utaona mengi. Yasigeuke kuwa maombi ya hadharani, "tumwombee dada yetu fulani ambaye mumewe...". Hapo hujaomba, umetangaza.

Hatua ya 9: Pumzika, na umwandae wa kukupokea

Huduma ya mtu mmoja inakufa siku mtu huyo akiumwa. Kuanzia mara ya pili tu uwe na mtu pembeni, ikiwezekana kijana wa kipaimara ambaye hana kazi Jumamosi, mwache ashike kitu halisi, sio kubeba mkoba wako. Akikosea mshono mfumue pamoja naye. Na uwe na miezi ambayo hufanyi, iseme mapema, watu wajue Machi fundi yuko shambani.

Siku ukihamishwa kikazi au ukiolewa Songea huko, daftari la majina na la hela libaki, na cherehani kama ilinunuliwa kwa hela ya mnada nayo ibaki. Alafu usimkabidhi mwenzako kwa kumtumia meseji ya orodha. Mchukue mpite nyumba kwa nyumba, umtambulishe kwa jina, asalimie na kukaa, ajue bibi wa nyumba ya juu hasikii sikio la kushoto, njia ya mkato kupitia kwenye migomba inateleza mvua ikinyesha, na mbwa wa pale kwa mzee wa kanisa anafunguliwa saa kumi na mbili jioni.